Nimemaliza shahada ya sheria (LLB), nataka kubobea kwenye hakimiliki tu. Kuna ugali huko?

#1 Joho Jipya

Wakuu salama?

Nimemaliza LLB, nasubiri kuingia Law School, chuo cha kupikia mawakili. Tangu niliposoma somo la miliki ubunifu akili yangu imeganda hapo, hasa hakimiliki. Alama za biashara na hataza (haki za uvumbuzi) sizichukii, ila hazinikoshi. Nataka niwe wakili wa watunzi, waimbaji, waandishi, wapiga picha na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta.

Sasa baba yangu mdogo ni wakili wa siku nyingi. Kaniambia niache ndoto, Bongo hii hakimiliki hailipi hata pango la ofisi. Nikomae na ardhi, mirathi na jinai kama wenzangu. Anasema toka ameapishwa hajaona mteja wa hakimiliki akigonga mlango wake.

Mimi hainiingii akilini. Muziki wetu unapigwa Nairobi, Lubumbashi mpaka Muscat. Kila kijana ana chaneli. Vitabu vinatolewa kopi hadharani nje ya kila chuo. Mali yote hii iweje haina mawakili? Ama kazi ipo ila mawakili hawaioni, ama haipo na mimi ndiye sioni.

Wenye uzoefu nifungueni. Matusi kidogo ruksa.

#2 Kachumbari Kali

Naweka kambi. Wajuzi njooni, nimeshachemsha chai.

#3 Mzee wa Masjala

Msikilize baba yako mdogo, anakupenda.

Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi kabla sijastaafu. Mafaili ya ardhi yanajaza shelfu hadi yanalazwa sakafuni. Mirathi usiseme. Ya hakimiliki? Tulikuwa tukiliona moja tunaitana tulisome.

Sababu ni moja tu: Mswahili akiibiwa wimbo haendi mahakamani, anaenda Instagram. Analia pale, mashabiki wanatukanana, na baada ya muda unasikia amepiga kolabo na huyohuyo aliyemwibia. Wewe na joho lako unaingilia wapi hapo?

#4 Biti za Zamani

Mzee wa Masjala umesema nusu. Nusu ya pili ni kwamba wakili mwenyewe tukimfuata haelewi.

Mimi ni prodyuza, au nilikuwa. Kuna biti niliyotengeneza kwa ajili ya msanii fulani, wimbo haukutoka. Siku moja nipo kwenye daladala nasikia biti yangu ndani ya tangazo la redio, wameongeza zumari tu juu. Nikaenda kwa wakili, ofisi nzuri, kiyoyozi, sekretari. Swali la kwanza aliloniuliza: "Hati unayo?" Kama vile biti ni kiwanja Goba! Nikamwambia sina hati, nina faili zima la mradi kwenye kompyuta, kila ala na mstari wake, na tarehe inaonekana. Akasema bila cheti cha usajili huna kesi, nikalipa hela ya ushauri nikatoka.

Kwa hiyo Joho Jipya, kazi ipo. Wenye kuijua ndio hawapo.

#5 Kila Kitu Najua

Biti za Zamani kosa ni lako mkuu. Ungeenda BRELA mapema ukasajili hakimiliki yako, leo ungekuwa tajiri. Wasanii wetu hawasomi ndiyo maana wanalizwa.

#6 Dada Wakili

Naona nianze kwa kufagia kabla hatujaendelea.

Kila Kitu Najua, BRELA hawashughuliki na hakimiliki. Pale ni makampuni, majina ya biashara, alama za biashara na hataza. Hakimiliki ni COSOTA. Na wanaoiita "chama" hadi leo wajue kuwa marekebisho ya sheria ya 2022 yameifanya kuwa Ofisi ya Hakimiliki, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha (malipo ya wenye kazi) ikafunguliwa kwa taasisi nyingine zinazopewa leseni.

Biti za Zamani, pole kaka. Yule wakili alikukosesha. Tanzania ipo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na msingi wa Berne ni kwamba haki inazaliwa kazi inapozaliwa. Hudaiwi cheti ili uwe mmiliki. Cheti cha COSOTA ni ushahidi, tena mzuri, kinakupunguzia safari ya kuthibitisha. Lakini faili la mradi lenye kila ala na tarehe yake ni ushahidi mzito. Mwizi ana wimbo uliokamilika tu, hana vipande.

Sasa kwa Joho Jipya. Hakimiliki nimeanza nayo muda, na ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya ofisi yangu. Ila nikwambie ukweli ambao chuoni hukuambiwa: mahakamani nimekwenda mara chache sana. Hela iko kwenye mikataba. Mikataba ya lebo na msanii, ya meneja, ya usambazaji wa muziki mtandaoni, ya mchapishaji na mwandishi, ya kampuni ya matangazo na mpiga picha. Mtu anakuletea kurasa ishirini na kitu zilizotoka ng'ambo, anataka jibu kesho asubuhi kabla hajasaini. Kuna kifungu kinasema anahaulisha haki zote, duniani kote, kwa muda wote wa ulinzi. Yeye anadhani anawapa ruhusa ya kusambaza tu. Kumwonyesha tofauti hiyo ndiyo kazi yako, na kwa hiyo watu wanalipa.

Baba mdogo anatafuta hakimiliki masjala, wakati yenyewe imekaa mezani.

#7 Mpemba Halisi

Assalamu alaykum. Dada Wakili kasema vyema, ila mukisema "Tanzania" tafadhalini muwe waangalifu. Hiyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ni ya Bara. Hakimiliki si jambo la Muungano. Huku kwetu tuna sheria yetu ya 2003 na taasisi yetu, COSOZA. Na wakili wa Bara hawi wakili wa huku kwa kuvuka na boti, orodha za mawakili ni mbili mbali mbali.

Kijana akitaka kutetea taarabu asili, aje ajiandikishe na huku.

#8 Kachumbari Kali

Kila Kitu Najua kapigwa pande zote mbili na uzi bado mchanga.

#9 Mtoto wa Ilala

Mnasemaje hakuna kesi wakati AY na Mwana FA walishinda zaidi ya bilioni mbili dhidi ya Tigo kwa miito ya simu? Hukumu ya 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala, pale pale kwetu. Mtaani tulidhani kuanzia siku ile kila msanii atakuwa na wakili wake kama alivyo na mpiga picha wake.

#10 Mzee wa Masjala

Hiyo ndiyo kesi kila mtu anaitaja. Nitajie nyingine. Na hiyo yenyewe, bilioni mbili zilivyosomwa Wilaya, mwenye kulipa alikata rufaa, faili likaanza safari ya ngazi za juu. Msanii wa kawaida ana pumzi ya kusubiri rufaa? Hata nauli ya kuja kutajiwa tarehe hana.

#11 Nairobi Mchana

Wasee wa Bongo salimieni. Huku Kenya mambo hayatofautiani sana, ila kesi tuko nazo kibao. Sheria yetu ni ya 2001, msimamizi ni KECOBO, na wao wana waendesha mashtaka wao wa makosa ya hakimiliki. Hiyo tayari ni kazi kwa wakili kijana. Halafu kuna MCSK, KAMP na PRISK, wakusanyaji wa mirabaha, ambao magomvi yao ya leseni yamelisha mawakili wengi kuliko muziki wenyewe.

Kwa mambo ya miito ya simu, bunge letu lilibadilisha sheria 2022, msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato. Kabla ya hapo mgawanyo ulikuwa ni nguvu ya mkataba tu, na unajua nguvu alikuwa nayo nani.

Kwa maoni yangu hamna kesi kwa sababu hamna hukumu za kusoma. Wakili anaogopa kuingia mahali ambapo hakuna njia iliyokanyagwa.

#12 Chaki na Vumbi

Nairobi Mchana, hukumu zipo. TanzLII, maktaba ya hukumu mtandaoni, ziko bure, andika neno hakimiliki kwa Kiingereza uone. Si nyingi kama zenu, lakini zipo, na nyingi zinaangukia pale pale: mdai ameshindwa kuthibitisha hasara. Anasema "nimeibiwa milioni mia," jaji anamuuliza umezipataje hizo mia, anajibu "kazi yangu ni kubwa." Mahakama haigawi pesa kwa ukubwa wa kazi. Lete mikataba uliyowahi kupata kwa nyimbo kama hiyo, lete taarifa ya mapato ya chaneli kabla na baada. Kwa hiyo mimi nampinga Mzee wa Masjala: si kwamba watu hawaendi mahakamani, wanaenda mikono mitupu wakirudi wanawaambia wenzao haiwezekani.

Nafundisha sheria, na Joho Jipya nitampa ya shule. Kozi ya awali ya miliki ubunifu ya WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, inasomwa kwa mtandao bila ada, aianze hata leo. Iko pia ya hakimiliki peke yake, hiyo inalipiwa. Shahada ya uzamili ya miliki ubunifu inayoungwa mkono na ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika, ilianzia Africa University kule Mutare, Zimbabwe, na siku hizi inafundishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huna haja ya kuuza shamba la babu kwenda London. London ni nzuri, lakini sheria utakayosoma kule si ile utakayotumia mahakamani Kisutu.

#13 Nimerudia Mtihani

Mnampa dogo ramani ya Mutare wakati hajavuka Sam Nujoma, iliko Law School. Kijana, kwanza toka Law School ukiwa hai. Mwaka 2022 matokeo yalitoka, kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Ishirini na sita! Nchi ikatikisika, waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wengine.

Na pale hakuna atakayekuuliza Berne. Watakuuliza mwenendo wa madai, jinai, uandishi wa nyaraka, hesabu za ofisi ya wakili. Ukiingia na mapenzi ya hakimiliki ukadharau mwenendo wa madai, utarudi uraiani na mapenzi yako.

#14 Joho Jipya

Nawashukuru wote. Nimerudia Mtihani umenitisha lakini nimekuelewa.

Dada Wakili, kama hutajali, tupe mfano wa kazi moja uliyoifanya, bila majina. Nataka kuona inavyokuwa toka mteja anaingia mpaka anatoka.

#15 Dada Wakili

Iliyonifunza kazi hii haikuwa ya staa. Ilikuwa ya kwaya.

Mwalimu wa kwaya alitunga nyimbo. Wanakwaya wakachangishana, wakarekodi albamu, wakapiga na video ufukweni na vitenge vya sare. Ikapendwa. Baadaye mwalimu akakorofishana na uongozi, akahamia parokia nyingine na nyimbo zake kichwani, huko akazirekodi upya na kwaya mpya. Kwaya ya kwanza wakaipiga straiki (onyo la YouTube la kukiuka hakimiliki) chaneli ya kwaya ya pili. Ya pili nao wakajibu straiki. YouTube ukipigwa straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inaondoka, kwa hiyo pande zote zilikuwa zimebakiza moja moja. Paroko wawili wameshindwa, ndipo wakaletwa kwangu, kundi zima, viti havikutosha.

Mwalimu alikuja na kaunta buku. Jalada gumu limechanika pembeni, ndani maneno kwa kalamu ya bluu, juu ya kila mstari noti za d, r, m zimepangwa, maneno mengine yamefutwa yakaandikwa upya mara mbili tatu. Katikati ya beti za wimbo uliovuma kuliko zote kuna orodha ya michango ya msiba, majina na viwango, ambayo mweka hazina wa kwaya ya kwanza aliitambua pale pale kuwa mwandiko wake na msiba anaukumbuka ni wa nani na lini. Sikuhitaji shahidi mwingine wa tarehe.

Lakini daftari lilimpa mwalimu kitu kimoja tu: maneno na melodia ni vyake. Waliogharamia rekodi ya kwanza wana haki yao kwenye rekodi ile, na hiyo ni hakishiriki, haki ya walioirekodi na kuiimba kazi, haiondoki na mwalimu. Waimbaji nao wana yao kama watumbuizaji. Aliyepiga video alikuwa hajalipwa yote, naye akapiga simu tukiwa katikati ya kikao. Na hakuna karatasi hata moja iliyokuwa imesainiwa na yeyote kwa ajili ya chochote.

Tulimaliza kwa maandishi. Kwaya ya kwanza wakabaki na rekodi yao na kuiimba, mwalimu anapata sehemu ya mapato kama mtunzi na jina lake linawekwa kwenye kila video, kwaya ya pili wakaruhusiwa rekodi yao mpya. Straiki zikafutwa siku hiyo hiyo. Kufuta kwa hiari ni haraka. Ukienda kwa pingamizi rasmi, aliyelalamika anapewa siku 10 za kazi za kupeleka ushahidi kwamba ameshtaki, na mambo yanahamia sheria ya Marekani.

Nililipwa kwa awamu. Awamu moja ilikuwa mchele wa Kyela.

#16 Kachumbari Kali

Joho Jipya umeuliza ugali, umeletewa wali.

#17 Mwenye Baa Tegeta

Nyie mnazungumzia wanaodai. Mimi ni wa kudaiwa. Wakaguzi wanaingia ijumaa usiku, spika zinaunguruma, wanataka leseni ya kupiga muziki hadharani. Leseni ya biashara ninayo, ya vileo ninayo, TV nalipia kifurushi kila mwezi. Sasa huyo mwanamuziki si ameshalipwa na redio? Nikinunua soda nalipia tena kuinywa?

Wakili anayeweza kunieleza kwa nini nalipa, nalipa nani, na risiti yake iweje, ningemlipa mimi na wenye baa wenzangu wote wa barabara hii. Hajatokea.

#18 Dada Wakili

Mwenye Baa, kifurushi cha TV ni cha kutazama nyumbani. Kupiga muziki ili wateja wakae wanywe zaidi ni matumizi mengine na yana ruhusa yake. Ila swali lako la "nalipa nani" ni halali kabisa, hasa tangu ukusanyaji ulipofunguliwa kwa taasisi zenye leseni. Usimlipe mtu mkononi. Dai barua ya utambulisho na namba ya malipo.

Joho Jipya, umeona? Huyo naye ni mteja. Wote tunakimbilia upande wa wasanii na kuwaacha hoteli, mabasi, saluni na redio, ambao ndio wana hela ya kulipa wakili.

#19 Kila Kitu Najua

Dunia imebadilika. Sasa hivi akili mnemba inaandika mkataba kwa sekunde, na inatunga wimbo pia. Dogo asome kitu kingine. Halafu wimbo ukikopa chini ya sekunde 30 si wizi, na hakimiliki inaisha miaka 70 baada ya mtunzi kufa.

#20 Chaki na Vumbi

Sekunde 30 haipo kwenye sheria yoyote niliyowahi kuisoma. Ni stori ya vijiweni, kama ile ya kubadilisha asilimia fulani. Kinachopimwa ni umechukua kiini gani. Sekunde nne za kiitikio zinaweza kukufunga.

Miaka 70 ni Ulaya na Marekani. Kwetu na Kenya ni maisha ya mtunzi na miaka 50 juu yake. Rekodi haihesabiwi kwa uhai wa mtu.

Na akili mnemba inaongeza kazi. Marekani mahakama ilishasema 2023, kwenye kesi ya Thaler, kwamba kazi isiyo na mkono wa binadamu haina hakimiliki, na rufaa ikashikilia hivyo hivyo 2025. Sheria yetu ya 1999 imeandikwa kabla ya haya yote. Msanii akija na wimbo uliotungwa nusu na mashine, nani atamjibu? Huyo dogo.

#21 Kodi za Usiku

Sisi waandishi wa programu mmetusahau. Sheria ya 1999 inatuweka kwenye kundi moja na maandishi ya vitabu, watu wengi hawajui. Mimi nilimtengenezea mteja mfumo wa kuuza tiketi za mabasi. Akalipa nusu, akachukua nenosiri, akaleta kijana mwingine abadilishe rangi na nembo. Mkataba wetu ulikuwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika tatu, jogoo anawika nyuma.

Sikuwahi kufikiria wakili wa hakimiliki. Nilidhani hao ni wa wanamuziki. Labda ndiyo sababu baba mdogo hawaoni wateja: wateja hawajijui kuwa ni wateja. Na nyinyi mawakili kanuni zenu haziwaruhusu kujitangaza kama wauza simu, sasa tutawajuaje?

#22 Nairobi Mchana

Tukiwa hapa hapa, wakili wa Bongo akitaka kujenga jina aje tumalizane kuhusu wimbo wa Malaika. Fadhili William aliirekodi miaka ya sitini mwanzoni, ni yetu, kwisha.

#23 Mtoto wa Ilala

Umeanza! Aliyetunga ni Adam Salim. Fadhili aliwahi studio tu.

#24 Nairobi Mchana

Ushahidi?

#25 Mtoto wa Ilala

Wazee wote wa Moshi.

#26 Chaki na Vumbi

Mnagombana kishabiki lakini kuna hela ndani yake. Fadhili William alifariki 2001. Kama yeye ndiye mtunzi, ulinzi kwa hesabu ya Kenya unakwenda hadi mwisho wa 2051. Kama ni Adam Salim, saa inahesabiwa kwa kifo chake yeye, na waliolipwa miaka yote hiyo walilipwa badala ya nani? Wimbo huo umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M. Hakuna daftari kama la yule mwalimu wa kwaya, ndiyo maana hauishi.

Wanaosema wakili wa hakimiliki hana la kufanya Afrika wasome habari ya Solomon Linda. Mzulu, alirekodi Mbube 1939, akaambulia shilingi kumi, akafariki 1962 fukara huku wimbo ukizunguka dunia nzima kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Wakili wa Afrika Kusini, Owen Dean, akafukua sheria ya Uingereza ya 1911 iliyokuwa inatumika kwenye makoloni, akakuta kifungu kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Disney, walioutumia kwenye The Lion King, wakashtakiwa 2004, na 2006 yakaisha mezani, warithi wakalipwa. Kifungu kimoja cha sheria ya kale.

Sasa jiulizeni: Tanganyika nayo ilikuwa chini ya sheria hiyo hiyo mpaka tulipotunga yetu 1966. Nyimbo zilizotungwa kabla ya hapo na wazee wetu, nani amekaa chini akazipitia?

#27 Mzee wa Masjala

Mwalimu hapo umenigusa. Lakini yule Mzulu alikuwa na Disney wa kumdai. Wazee wetu wa bendi watamdai nani? Walirekodi Radio Tanzania, wakapewa posho, kanda zikabaki redioni. Tuambie mrithi wa mpiga gitaa afungue kesi dhidi ya nani na kwa karatasi gani.

#28 Chaki na Vumbi

Swali zuri, na sitajifanya lina jibu jepesi. Mwajiriwa wa redio, bendi ya shirika la umma na mpiga gitaa wa kujitegemea ni watu watatu tofauti kisheria.

#29 Nyuma ya Pazia

Nimesoma kimya, niongeze upande ambao haujaguswa. Mimi ni mwanasheria wa ndani wa kampuni, sitasema ipi. Hatuchukui wakili wa hakimiliki tu. Tunachukua anayejua hakimiliki, alama za biashara, ulinzi wa taarifa binafsi na sheria ya ushindani, kwa sababu tatizo haliji limejipanga. Bidhaa bandia yenye nembo yetu tunakwenda FCC, Tume ya Ushindani. Tangazo lililonakiliwa ni hakimiliki. Vyote vinaweza kuwa kwenye mfuko mmoja wa sabuni.

Na mikataba mikubwa ya muziki na filamu inayoingia nchini mara nyingi inakuja imeshaandikwa Johannesburg, Nairobi au London. Wakili wa hapa anaulizwa swali moja la sheria ya hapa, analipwa kwa hilo moja. Kwa hiyo Dada Wakili, mkate upo mezani kweli, ila kisu kiko kwa wengine.

Joho Jipya, omba kazi kampuni ya mawasiliano, kituo cha TV, benki, au COSOTA kwenyewe, ukae miaka michache uone mikataba inavyoumizana. Halafu fungua ofisi.

#30 Dada Wakili

Nyuma ya Pazia nakubali kuhusu mikataba ya nje. Kuhusu kukaa kwenye kampuni kwanza sikubali. Vijana wengi wakionja mshahara wa mwisho wa mwezi hawatoki tena.

#31 Nimerudia Mtihani

Na tusioonja tunakopa. Chagua.

#32 Joho Jipya

Kozi ya WIPO nimejiandikisha. Kodi za Usiku nimekufuata inboksi kuhusu ule mfumo wa tiketi, si kama wakili, sijaapishwa, nataka tu kuona ule mkataba wa sauti. Usiufute.

#33 Mpemba Halisi

Nami nina jambo, Dada Wakili. Madrasa yetu ina kaswida, imeimbwa na watoto wetu miaka mingi, sasa kuna watu mjini wameirekodi na kinanda wameitia mtandaoni. Mtunzi ni ustadhi wetu, yu hai. Tuanzie wapi?

#34 Dada Wakili

Shekhe, kwa huko mtafute wakili aliyeandikishwa Zanzibar, na mpite COSOZA. Ila kabla hamjatoka nyumbani: ustadhi aliiandika wapi? Kuna daftari?

#35 Mpemba Halisi

Daftari lipo. Analo mtalaka wake, na kasema halitoi mpaka amaliziwe mahari yaliyobaki.

#36 Dada Wakili

Basi muanzie kwa Kadhi.